Foleni Ikiisha, Ihanda Itakula Nini?

Kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Ihanda kilianza baada ya sala ya isha, na ajenda ilikuwa moja tu: fedha za mfuko wa wakfu, zilizokusanywa kwa miaka mitatu, zijenge nini? Msikiti unavyo vyumba vinne vya biashara vinavyotazama barabara kuu iendayo Tunduma. Kodi yake ndiyo inayomlipa mwalimu wa madrasa, ndiyo inayonunua mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na ndiyo iliyotuwezesha kuwasitiri kwa sanda maiti wawili waliofia safarini bila jamaa. Mweka hazina alipendekeza tuongeze vyumba vinne vingine ubavuni mwa hivyo. Tulidhani tutakubaliana kabla chai haijapoa. Tulitoka saa sita za usiku tumegawanyika, na wazee wawili miongoni mwetu hawakupeana mikono.

Kilichotugawa hakikuwa matofali wala saruji. Vyumba vyetu vinaishi kwa malori, na habari zinazotufikia kuhusu reli na barabara zote zinasema jambo moja kwa maneno tofauti: kwamba malori hayatasimama tena kama yanavyosimama sasa. Swali la kamati likageuka likawa swali la mji mzima, tena la Tunduma zaidi kuliko la Ihanda, kwa sababu Ihanda hula kile kinachobaki mezani kwa Tunduma.

Kwa msomaji wa mbali, tueleze kidogo. Ihanda ipo katika wilaya ya Mbozi, kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, kati ya Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, na Tunduma, mji wa mpakani. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya Tunduma kuna Nakonde ya Zambia, na baada ya hapo njia huendelea hadi kwenye migodi ya shaba ya Zambia na ya Kongo. Shaba hushuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mafuta, mbolea, magari na bidhaa za madukani hupanda. Karibu yote hupita mbele ya mlango wa msikiti wetu, na yanapofika mpakani husubiri. Yakisubiri mengi, foleni hurudi nyuma. Tumeiona ikifika Mpemba, na tumeiona ikipita Mpemba.

Foleni hiyo ni neema na ni balaa, na hatumwamini mtu anayeitaja kwa jina moja tu kati ya hayo mawili. Dereva aliyekwama siku tatu hula milo tisa. Huoga, hufua, hutafuta mahali pa kusali au pa kunywa, huchaji simu, hununua vocha, hubadilisha shilingi kwa kwacha, hutengeneza tairi. Utingo wake hununua ndizi na karanga kwa watoto wanaotembea na beseni kichwani kutoka lori hadi lori. Katika sensa ya mwaka 2012 wakazi wa mji wa Tunduma hawakufika 100,000; katika sensa ya mwaka 2022 walizidi 200,000. Mji uliokua kwa kasi hiyo haukukua kwa kiwanda wala kwa chuo. Ulikua kwa watu kusimama.

Ndiyo maana una sura ile. Gesti ni nyingi kuliko shule. Mitaa imejibana kandokando ya lami kama nzi juu ya kidonda, na ukiingia hatua mia mbili ndani unakuta vumbi wakati wa kiangazi na tope masika, mitaro isiyo na pa kumwaga maji, na nyumba zisizo na njia ya kupitisha hata jeneza. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona, tulipata kuonja siku ile ambayo hakuna anayepita. Kina mama lishe walimwaga wali. Mpangaji wetu mmoja alituletea ufunguo akasema, "Hifadhini, nitarudi Mungu akipenda." Alirudi. Lakini hatujaisahau sauti ya ufunguo ule ukiwekwa mezani.

Ubaya wa foleni nao tuuseme waziwazi, maana waliosema katika kikao kwamba foleni ni riziki walikuwa wanaume watupu. Mke wa mmoja wa waumini wetu alishikwa na uchungu usiku, akapandishwa kwenye Noah kuelekea hospitali. Malori yalikuwa yamepangana safu mbili, mengine yakijaribu kupita mengine, na njia ya kurudi imezibwa vilevile. Dereva wa Noah alishuka kwenye bega la barabara, akakwama katika mtaro. Mtoto alizaliwa pale, karibu na Mpemba, kwa mwanga wa simu na taa za lori, na aliyempokea alikuwa mwanamke muuza chai ambaye hakuna aliyemjua. Mama na mtoto wote wazima, alhamdulillahi. Watani wa mtaani humwita mtoto huyo Foleni, na baba yake huchukia sana. Tunalisimulia kwa kucheka kwa sababu liliisha kwa heri. Wapo ambao yao haikuisha hivyo, na hao hatuwasimulii kwa kucheka.

Kisha kuna watoto wanaokwenda shule. Binti wa sekondari hutoka nyumbani kabla ya jua, husimama kandokando ya barabara, na Kosta humpita kwa sababu nauli ya mwanafunzi haimpendezi kondakta. Akibahatika hupakatwa au hubanwa mlangoni katikati ya wanaume. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wa familia wanalijua jambo hili na wamelinyamazia kwa aibu. Wengine wamewapangishia mabinti zao chumba Tunduma ili wasisafiri, na chumba cha binti wa miaka kumi na sita katika mji wa gesti ni jambo ambalo hatuhitaji kulifafanua.

Turudi kikaoni. Makundi yalikuwa matatu. Wazee wa barabara, tuwaite hivyo, walishikilia kwamba serikali inapanua barabara kuwa ya njia nne, kwamba mpango wa kutoka Igawa hadi Tunduma unajulikana, na kwamba kazi yenyewe ilishaanza katika kipande cha kilomita 29 cha Nsalaga hadi Ifisi ndani ya Mbeya. Barabara ikipanuka magari yataongezeka, na magari yakiongezeka vyumba vitajaa. Vijana walisema barabara ni habari ya zamani. Reli ya TAZARA inafufuliwa, mzigo utahama, na anayejenga vyumba vya kumsubiri dereva anajenga kaburi la wakfu. Mweka hazina, mtu mpole aliyewahi kuwa wakala wa forodha, alitikisa kichwa akasema tangu azaliwe amesikia reli inafufuliwa, na kwamba yeye hujenga kwa kinachoonekana dirishani. Nje malori yalikuwa yananguruma. Ilikuwa vigumu kumpinga.

Sisi tuliokabidhiwa kalamu ya kamati tuliombwa tukusanye yanayojulikana kabla ya kikao cha pili. Haya ndiyo tuliyoyaleta.

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilizaliwa kwa dharura ya kisiasa: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kwa maadui zake. China ilitoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, mwaka 1973 mataruma yakavuka mpaka hapa Tunduma, mwaka 1975 reli ikafika mwisho wake, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Wazee wa Mbozi waliokuwa vijana wakati ule bado huhadithia kambi za Wachina, baruti milimani, na namna mafundi wale walivyokula chakula chao wenyewe walichokilima kandokando ya kambi. Zaidi ya Wachina sitini walifia katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia ambao hesabu yao haikuandikwa kwa uangalifu uleule.

Iliwekwa iwe na uwezo wa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuwahi kuufikia. Vichwa vya treni vilichakaa, mabehewa yakalala kwenye nyasi, mishahara ikachelewa, migomo ikafuata, na mwaka 2014/15 mzigo ulishuka hadi chini ya tani laki moja. Hapo ndipo malori yalipochukua kila kitu. Foleni tunayoila na kuilaani ni mtoto wa kuanguka kwa reli ile. Si jambo la asili kama mvua. Tunduma ya leo, mji wa watu zaidi ya laki mbili, umejengwa juu ya kushindwa kwa treni kupita.

Sasa mambo yamegeuka. Septemba 2024 mjini Beijing marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Mwaka 2025 ukafuata mkataba na kampuni ya CCECC ya China, wa dola bilioni 1.4 kwa miaka 30. Upande wa pili wa bara, Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wanaisaidia reli ya Lobito nchini Angola iichukue shaba hiyohiyo ielekee bahari ya Atlantiki. Mweka hazina aliposikia hili la Lobito alinyamaza kwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba hata TAZARA isipofanikiwa, mzigo unaweza kutuhama kwa mlango mwingine. Dirisha lake haliioni Angola.

Hapo kijana mmoja akauliza kama upo mji wa Waswahili uliokwisha kupitia jambo hili, ili tusitabiri kama wapiga ramli. Upo. Ni Mombasa.

Reli mpya ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwanzoni mwa mwaka 2018. Abiria waliifurahia, na mpaka leo wanaifurahia. Lakini Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena yanayokwenda bara yapande treni hadi Nairobi na kuruhusiwa huko. Kwa karatasi moja, kazi za maelfu ya watu zilihamishwa mwendo wa karibu kilomita 500: madereva, wapakuzi, mawakala, walinzi wa maegesho, mafundi, wauza chakula. Watu wa Mombasa waliingia mitaani kila Jumatatu wiki baada ya wiki. Oktoba mwaka huohuo amri ilisitishwa, lakini wenye mali walikuwa wameshabadilisha mazoea yao, na ilipofika Septemba 2022 ndipo rais mpya alipotangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli za kuruhusu mizigo zinarudi bandarini. Miaka mitatu hiyo, mwenye gereji Changamwe na mama wa mahamri aliyekaa njia ya malori hawakupewa fidia na mtu. Kwenye njia kuu, Mariakani na Mtito Andei, miji iliyolishwa na madereva kama Tunduma, iliona gesti zake zikifungwa.

Tulichojifunza kwa ndugu zetu wale si kwamba reli ni mbaya. Jiji lenye bandari lilipewa reli nzuri likaumia kwa sababu waliopanga walihesabu makontena na kusahau walioishi kwa kuyahudumia. Hakuna aliyekaa nao kabla na kuwaambia: mtapungukiwa na hiki, basi chukueni kile. Na pale ambapo treni ilijengwa kwa ajili ya mtu, hasa abiria wa kawaida, ndipo wananchi walipoitetea wenyewe.

Tanzania ina mfano wake. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kutumia reli zilizokuwapo tayari kubebea abiria wa mjini asubuhi na jioni, na moja ya njia hizo ilikuwa ya TAZARA kuelekea Mwakanga. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, naye ni mtu wa kusini huku huku kwetu. Hakukuwa na jambo la anasa: mabehewa ya zamani, vituo vya bati, msongamano. Lakini fundi wa Pugu alifika kazini bila kuomba lifti. Na huko Kilombero kuna treni fupi ya TAZARA ambayo wenyeji huiita Kipisi, inayosimama kila penye watu hadi Makambako. Kina mama hupakia ndizi, mchele na kuku, na vijiji vizima vimekua kandokando ya vituo vyake. Hii ni reli ileile moja. Huko inasimama kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Huku kwetu, kwa miaka mingi, treni ya abiria imekuwa ikipita mara mbili kwa wiki, kwa saa ambazo hazimsaidii mwanafunzi wala mgonjwa, na ikichelewa hakuna anayeshangaa.

Hoja yetu basi tuliiandika hivi katika muhtasari. Kama kuna dola bilioni 1.4 za kuifufua TAZARA, na kama kuna fedha za kupanua barabara, mtu anayekwenda kilomita ishirini au thelathini naye apate fungu. Treni moja ya asubuhi na moja ya jioni kati ya Mbeya na Tunduma, ikisimama Mbalizi na Vwawa na vituo vya kati, ingemtoa yule binti mlangoni mwa Kosta. Ingeleta pia jambo ambalo mji wa kusimama haujui: watu wanaokuja kwa kupenda na kuondoka kwa saa inayojulikana. Mwenye duka la vitabu au la vitambaa huishi kwa watu wa namna hiyo. Dereva aliyekwama hanunui kitabu.

Mweka hazina alipinga, na upinzani wake tunauandika kwa sababu ni wa haki. Alisema treni ya abiria haijilipi. Alisema reli ni ya njia moja, na kila treni ya abiria inayopita hulazimu ya mizigo ijitenge na kusubiri. Aliyeweka mtaji wake kwa shaba hatakubali kusubiri kwa ajili ya wanafunzi wa Vwawa. Ni kweli. Tulimjibu kwamba barabara nayo haijilipi kwa nauli, hujengwa kwa kodi ya wote, na hakuna aliyewahi kuiita hasara. Lakini tulimkubalia kwamba jibu hilo halimtoshi mwenye mkataba; linamhusu mwenye nchi. Jambo la namna hii huandikwa katika masharti mwanzoni. Likiachwa, miaka 30 ni mingi: mtoto Foleni atakuwa na watoto wake.

Wazee wa barabara nao walipata haki yao. Hata treni ikija, wengi wetu tutaendelea kupanda Kosta, na barabara ya njia nne isiyo na stendi ya maana, isiyo na njia ya watembea kwa miguu wala pa kuvukia, itakuwa na mwendo wa kasi zaidi katikati ya vijiji vyetu. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi yaendayo haraka mwezi Mei 2016, kilomita 20.9 pamoja na matawi yake, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilifanya jambo jema la kumwekea msafiri wa kawaida njia yake peke yake, jambo ambalo hatukuwa tumeliona nchini. Ikakosea vilevile: karakana ikajengwa bonde la Jangwani, mahali ambapo mtoto yeyote wa Magomeni angewaambia kwamba mto hupita, na mafuriko yakayazamisha mabasi; kisha mabasi yakapungua na abiria wakaongezeka. Mmoja wetu aliyeishi Kimara alisema alikuwa akifika mjini kwa dakika arobaini mwaka wa kwanza, na kwamba miaka michache baadaye alikuwa akisubiri kituoni dakika arobaini kabla ya kupanda. Alipendelea hivyo hivyo kuliko daladala, akaongeza, na watu wakacheka.

Likabaki la vyumba. Hapa tunaandika kwa soni.

Kabla ya kikao cha pili tulichukua futi ya fundi tukapima kutoka katikati ya lami hadi ukuta wa vyumba vyetu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Hapo awali ilikuwa mita 22.5. Aliyejenga kihalali kabla ya sheria hiyo, katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, hulipwa fidia eneo lake linapohitajika. Aliyejenga baada yake halipwi. Ukuta wetu ulisoma mita 26. Tulifungua daftari la zamani la kamati: vyumba vilijengwa mwaka 2011. Hakuna aliyepima. Waliojenga walikuwa watu wema, baadhi yao wametangulia mbele ya haki, na sisi tuliowarithi tumekula kodi ya vyumba hivyo miaka yote bila kuuliza. Tunaowafundisha watoto madrasani fadhila ya kuondoa udhia njiani tumekuwa na udhia wa matofali mita nne ndani ya njia ya watu. Mkandarasi akija na rangi nyekundu, hatutakuwa na neno.

Katika chumba cha tatu anafanya biashara mjane mwenye watoto wanne. Anapika wali na maharage, na wateja wake wote ni madereva na matingo. Tulimwita kikaoni, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na aliketi karibu na mlango akasikiliza habari za Beijing, Lobito na Mombasa. Tulipomuuliza anasemaje, alisema, "Mashehe, mimi sina ugomvi na treni. Niambieni tu itasimama wapi, nami nitahamisha masufuria."

Hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hakuna aliyetuambia. Hilo ndilo tuliloamua kulipeleka mbele. Tumeandika barua kwa uongozi wa kata yenye maswali matatu: hifadhi ya barabara itakapohitajika hapa Ihanda, stendi itakuwa upande gani na itakuwa na choo, kivuli na mahali pa wanawake kungojea? Watu wa Vwawa, Ihanda na Mpemba wataulizwa lini kuhusu treni ya abiria? Na wale wanaoishi kwa foleni, wameandaliwa soko wapi, lenye kizimba na maji, kabla foleni haijaondoka? Tumeomba yajibiwe katika mkutano wa hadhara, si kwa ujumbe wa simu. Tunawaomba wasomaji wa Tunduma, Chapwa na Mpemba wapeleke maswali hayohayo kwenye kata zao, hata kama hawapendi namna tulivyoyaandika.

Fedha za wakfu hazitajenga vyumba vya barabarani. Kura zilikuwa saba kwa nne. Msikiti unacho kiwanja kidogo nyuma, mbali na lami, karibu na njia ya miguu inayoshuka sokoni, na hapo vitajengwa vyumba viwili badala ya vinne, kwa kuwa fedha iliyobaki tumeitenga kwa ajili ya siku vile vya mbele vitakapobomolewa, ili mwalimu wa madrasa asikose mshahara mwaka huo. Mjane ameahidiwa kimoja kwa kodi ileile anayolipa sasa. Mweka hazina alipiga kura ya kupinga, kisha akajitolea kusimamia ujenzi, na wale wazee wawili wamepeana mikono ijapokuwa bado hawaketi safu moja.

Jumamosi iliyopita tulipiga kamba ya msingi. Fundi alianza kupimia ukutani mwa msikiti kama mafundi wafanyavyo, tukamsimamisha, tukampeleka hadi katikati ya barabara, lori moja likitupigia honi, aanzie pale.